Kodi ya sensa ya oksijeni kwenye pikapu: pima kwanza ndio ununue

Wakuu, naandika hii nikiwa Uyole, mvua imekatika sasa hivi na pikapu ipo mbele ya nyumba haina taa yoyote ya ajabu kwenye dashibodi, kitu ambacho kwa miezi minne nilishasahau kinafananaje. Ni Hilux ya petroli, 2.7, injini ya 2TR. Napakia viazi Isyonje kushusha Mwanjelwa na parachichi zikianza napiga tripu za Rungwe. Taa ya injini ikawaka, nikaipeleka gereji moja, jamaa akachomeka mashine akasoma akaniambia sensa ya oksijeni imekufa. Nikanunua. Siku ya tatu taa ikarudi, akasema basi itakuwa ile ya pili. Nikanunua na hiyo. Taa ikarudi. Laki nne na ushee zimeondoka hivyo, na ugonjwa wenyewe ulikuwa gasketi ya ekzosi iliyopasuka, gasketi ambayo bei yake ni nusu kilo ya nyama choma na soda.

Kwahiyo nitaeleza hatua kwa hatua nilivyojifunza kwa hasara, ili wewe usipite hukohuko. Na ninaposema kodi sio ile ya TRA, japo maumivu yanakaribiana, ni ile namba inayosomwa na mashine, P na tarakimu nne.

Kabla ya yote: gari yako ni petroli?

Pikapu nyingi za huku kwetu ni dizeli, na hizi sensa ninazoziongelea ni za injini za petroli. Kama una dizeli na mtu anakuuzia sensa ya oksijeni muulize akuonyeshe kwa kidole ilipofungwa. Hata kwenye petroli sio zote zinazo, Marekani walilazimisha mfumo wa OBD-II kwa magari madogo kuanzia 1996 lakini gari zilizotengenezwa kwa soko la Afrika hazikubanwa na sheria hiyo, kwahiyo unaweza kukuta pikapu tatu za mwaka mmoja, moja ina sensa mbili, nyingine ina moja, nyingine haina kabisa. Ingia chini uangalie. Sensa ni kitu kama plagi kilichochomekwa kwenye bomba la ekzosi na kina waya zinatoka, mara nyingi nne.

Ile iliyo kabla ya masega (kile kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi) inaitwa sensa 1, ya baada ya masega ni sensa 2. Sensa 1 ndio inayoongoza mafuta, sensa 2 kazi yake kubwa ni kuchungulia kama masega yanafanya kazi. Na kitu kinaitwa benki, yaani safu ya silinda: injini ya silinda nne zilizojipanga mstari ina benki moja tu. Mtu akikwambia 2TR yako ina kodi ya benki 2 hajasoma vizuri.

Sensa inafanya nini hasa

Hii usiruke hata kama una haraka, maana ukiielewa hatua zote zinazofuata zinakuwa na maana.

Petroli inaungua vizuri ikipata hewa kama kilo 14.7 kwa kilo moja ya mafuta. Sensa inanusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kuilinganisha na hewa ya nje. Moshi ukiwa na oksijeni kidogo, yaani mafuta yamezidi, inatoa volti kama 0.8 mpaka 0.9. Oksijeni ikiwa nyingi, yaani mafuta yamepungua, inatoa 0.1 au chini. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ikiona juu inapunguza mafuta, ikiona chini inaongeza, kwahiyo volti ya sensa isiyo mbovu haitulii, inapanda inashuka inapanda inashuka muda wote injini ikiwa ya moto.

Sasa shika hapa. Sensa haijui mafuta. Inajua oksijeni tu. Oksijeni ikiingia kwenye bomba kwa njia yoyote ile, hata kwa tundu la pembeni, yenyewe itapiga kelele kwamba mafuta ni kidogo. Na ikipiga kelele kontroli boksi inamwaga mafuta. Hapo ndipo mimi nilipoliwa.

Kingine, sensa haifanyi kazi ikiwa ya baridi, inahitaji kama nyuzi 300 hivi kwenda juu ndio iamke, ndio maana ndani yake wameweka hita. Asubuhi ya mwezi wa saba hapa Uyole, unapopuliza mikono kabla ya kushika usukani, hita ndio inayoiamsha mapema. Hita ikifa sensa itaamka kwa joto la moshi peke yake, inachelewa, na ukikaa kwenye foleni injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) inaweza kupoa tena.

Hatua ya 1: soma kodi, andika, usifute

Kosa kubwa la mafundi wengi ni kusoma na kufuta hapohapo. Ukifuta umefuta na ushahidi. Mashine nyingi, hata kile kidude kidogo cha bluetooth cha ELM327 unachounganisha na simu, zinaweza kukuonyesha hali ya gari ilivyokuwa sekunde ile kodi inaingia: joto la injini, mzunguko, spidi, mzigo. Piga picha hiyo skrini. Ya kwangu ilionyesha injini ya moto, gari imesimama, mzunguko kama 700. Sio mlimani, sio kwenye spidi. Kumbuka hilo, utalihitaji hatua ya 7.

Soketi ya kuchomeka iko chini ya dashibodi upande wa dereva, ina matundu 16. Toyota za zamani kidogo zinaweza kugoma kuongea na vidude vya bei rahisi. Hapo unatumia kipande cha waya kuunganisha tundu namba 4 na namba 13, unawasha swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini inaanza kukonyeza. Za zamani zaidi zina kiboksi chini ya boneti, unaunganisha TE1 na E1. Konyeza mbili halafu moja, yaani 21, ni sensa ya oksijeni, 25 ni mafuta kidogo, 26 ni mafuta mengi. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka, maana namba 16 ina moto wa betri moja kwa moja na ukiikosea utanusa waya unaungua.

Sasa kodi zenyewe. Watu wanaziita zote "kodi za oksijeni" kumbe ni makundi tofauti kabisa.

P0135 ni hita ya sensa 1, P0141 ni hita ya sensa 2. Toyota pia zinatoa P0031 na P0032 kwa hita ya mbele, P0037 na P0038 kwa ya nyuma. Hizi ni za umeme, hazihusiani na mafuta wala hewa, nenda hatua ya 3 moja kwa moja.

P0130 mpaka P0134 ni mawimbi ya sensa 1: 0131 volti iko chini, 0132 iko juu, 0133 inajibu polepole, 0134 haijibu kabisa. P0136 mpaka P0140 ni hayohayo kwa sensa 2.

P0171 na P0172 ndizo zinazoua watu. Ya kwanza ni mafuta kidogo, ya pili ni mafuta mengi. Hizi SIO kodi za sensa. Sensa ndio imetoa taarifa, lakini kodi inasema kontroli boksi imeongeza au kupunguza mafuta mpaka mwisho wa uwezo wake na bado haijaridhika. Kubadilisha sensa kwa P0171 bila kupima ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga filimbi.

Mimi nilikuwa na P0171 na P0131. Yule jamaa aliona hiyo ya pili akaacha ya kwanza.

Hatua ya 2: macho, masikio, na maji ya sabuni

Bado hujashika mita ya kupimia umeme. Fungua boneti injini ikiwa imelala usiku kucha, ya baridi kabisa. Fuata waya za sensa kuanzia kwenye soketi mpaka kwenye mwili wa sensa. Barabara zetu unazijua, ukipita za Isyonje au za Usangu kipindi cha mvua tope linapanda mpaka juu ya gia boksi, linaingia kwenye soketi na kukaa humo. Chomoa, angalia kama kuna kutu ya kijani, safisha, kausha. Angalia kama waya umelalia ekzosi ukayeyuka, hii ni kawaida sana kwenye gari ambayo gia boksi ilishawahi kushushwa, wanarudisha waya bila kuzibana sehemu yake.

Halafu washa injini ikiwa baridi na usikilize. Ekzosi inayovuja kwenye manifodi inatoa mlio wa tik tik tik unaofuata mzunguko, na ikipata joto chuma kinatanuka mlio unapungua au unapotea kabisa. Ndio maana fundi anayeletewa gari ya moto mchana hausikii. Mimi nilikuwa nausikia kila asubuhi nikajua ni tapeti.

Kuhakikisha, injini ikiwa bado baridi: changanya sabuni ya unga na maji kwenye chupa ya kupulizia, mtu mmoja azibe mdomo wa ekzosi nyuma kwa tambara nene lililolowa (asikae hapo muda mrefu, ile hewa inaua, fanyeni nje sio ndani ya gereji), wewe pulizia sabuni kwenye maungio yote kuanzia kichwa cha injini mpaka kwenye sensa. Panapovuja patatoa mapovu. Angalia pia alama nyeusi za masizi kwenye flanji. Tundu lolote lililo kabla ya sensa au karibu yake linaingiza hewa ya nje, kwa sababu moshi unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba linavuta kidogo.

Kwenye hewa ya kuingia: mpira mkubwa kutoka boksi la filta mpaka kwenye injini, ukunje kwa mkono uangalie nyufa zilizojificha kwenye mikunjo. Mipira midogo ya vakyumu yote. Gasketi ya manifodi ya hewa.

Hatua ya 3: umeme wa hita

Anza na fyuzi. Nasema anza na fyuzi kwa sababu niliwahi kuona mtu amenunua sensa nzima kumbe fyuzi ya EFI imekatika kwa waya ulioshoti.

Chomoa soketi ya sensa. Kwa sensa za Denso ambazo Toyota nyingi zinakuja nazo, waya mbili nyeusi ni hita, bluu ni mawimbi, nyeupe ni hasi ya mawimbi. Za Bosch na NTK mara nyingi ni kinyume ukizoea Denso: nyeupe mbili ni hita, nyeusi ni mawimbi, kijivu ni hasi. Rangi hizi ni za upande wa sensa, upande wa gari rangi zinaweza kuwa nyingine kabisa.

Weka mita kwenye omu, pima kati ya waya mbili za hita, sensa ikiwa baridi. Sensa ya kawaida ya Toyota inatakiwa iwe kama omu 11 mpaka 16. Ikiwa ni ile aina mpya inayopima kwa upana, wanaiita A/F, ni ndogo zaidi, kama 1.8 mpaka 3.4. Mita ikikaa bila kusoma kitu, hita imekatika, hapo ndio una ruhusa kamili ya kununua sensa. Ikisoma vizuri, washa swichi na upime upande wa gari: waya mmoja wa hita uwe na volti za betri. Hakuna? Shida iko kwenye fyuzi, rilei au waya, sio sensa. Upo? Basi ule mwingine ni wa hasi inayotoka kontroli boksi, ufuatilie kama umekatika njiani.

Usipime omu kwenye waya wa mawimbi, na usiweke taa ya kupimia ya balbu hapo. Unaweza kuiharibu sensa nzima kwa kutaka kujua kama ni nzima.

Hatua ya 4: iache iongee

Rudisha soketi. Endesha gari mpaka injini iwe ya moto kweli, sio dakika mbili za sailensi, nenda hata Igawilo urudi. Kisha shikilia mzunguko kama 2,500 kwa dakika mbili na uangalie volti ya sensa 1 kwenye mashine, au ingiza pini nyembamba nyuma ya soketi kwenye waya wa mawimbi (usitoboe waya, maji yataingia hapo) na upime kwa mita kwenye volti ndogo.

Nzima inacheza kati ya 0.1 na 0.9 bila kutulia. Toyota kwenye vitabu vyao vya gari za zamani wanataka ivuke katikati mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 10. Ikicheza taratibu sana, mara mbili tatu, imezeeka, na hiyo ndio P0133.

Ukiwa barabarani unateremka mlima kwa gia, mfano Kitonga, mguu hauko kwenye mafuta, utaona sensa imelala chini karibu na sifuri. Usiogope, kontroli boksi imekata mafuta kabisa, kinachopita ni hewa tupu.

Kama una ile A/F sheria zote hizi zinageuka. Kwa Toyota inakaa karibu na 3.3 na haichezi, ikipanda ni mafuta kidogo, ikishuka ni mafuta mengi, kinyume na ile ya kawaida. Baadhi ya mashine za kawaida zinaigawa kwa tano zinakuonyesha 0.66 imetulia tuli, watu wanasema imekufa kumbe iko salama salimini. Jua aina yako kwanza.

Hatua ya 5: idanganye uone inavyojibu

Hii ndio hatua ninayoipenda, na kama ningeifanya siku ya kwanza ningekuwa na laki nne yangu.

Sensa yako imelala chini, 0.1, inasema mafuta kidogo. Je ni kweli au imekufa ikiwa imelala? Injini ikiwa sailensi, puliza kidogo sana dawa ya kusafishia kabureta kwenye mpira wa hewa unaoingia kwenye injini. Hiyo ni mafuta ya ziada. Sensa nzima inaruka hapohapo mpaka 0.8 au 0.9, halafu inashuka taratibu dawa ikiisha. Kisha fanya kinyume: chomoa mpira mmoja wa vakyumu, ianguke chini ya 0.2 bila kuchelewa. (Dawa inashika moto haraka, usipulizie karibu na ekzosi ya moto wala koili inayoruka cheche, uwe na mchanga au kizima moto karibu.)

Ikijibu pande zote mbili kwa haraka sensa ni nzima na inasema ukweli wa inachokiona. Achana nayo, tafuta inachokilalamikia. Isipojibu na hita na waya viko sawa, imekufa.

Hatua ya 6: umbea wa plagi

Hapa nimuelezee mzee mmoja fundi wa Makambako. Nilikuwa nimebeba mbao natoka Mafinga, gari inanuka petroli na inakula kama lori, nikasimama kwake. Nikamwamkia, shikamoo mzee, nikamwambia kodi inasema mafuta kidogo, nimeshabadilisha sensa mbili, wiki nzima natafuta mpira wa vakyumu unaovuja sioni. Hakuomba mashine. Alifungua plagi moja akaniwekea kwenye kiganja, nyeusi tii, kavu, masizi.

"Mwanangu, mafuta yakiwa kidogo huu weusi umetoka wapi?"

Ndio hivyo tu. Injini yenye mafuta kidogo kweli plagi zinakuwa nyeupe nyeupe, safi kupita kiasi, na gari inakosa nguvu, inakohoa. Ya kwangu kodi inalia njaa na plagi zimeshiba mpaka zinatapika. Vitu viwili vikipingana hivyo maana yake sensa inaona oksijeni ambayo haikupita kwenye injini, imeingia pembeni, na kontroli boksi inaamini na kumwaga mafuta. Mzee akalala chini ya gari, akapapasa flanji ya manifodi, akatoa kidole cheusi.

Kwahiyo kwa P0171 toa plagi uzisome kabla ya kununua chochote. Plagi nyeusi na kodi ya mafuta kidogo: ekzosi inavuja kabla ya sensa, au kuna misi. Misi nayo inadanganya hivyohivyo, silinda isipowaka hewa yake yote inatoka mbichi na oksijeni yake, kwahiyo koili moja mbovu inaweza kukuletea kodi ya mafuta kidogo. Plagi nyeupe na kodi ya mafuta kidogo: njaa ni ya kweli, endelea chini.

Hatua ya 7: njaa ya kweli iko wapi

Kwenye mashine kuna namba mbili zinaonyesha kontroli boksi inaongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Zijumlishe. Kati ya minus 10 na plus 10 ni maisha ya kawaida.

Ikiwa juu sana kwenye sailensi, mfano plus 20, na inashuka ukishikilia 2,500, kuna hewa inaingia kwa tundu. Tundu lilelile ni kubwa kwa injini inayovuta kidogo na ni dogo kwa injini inayovuta sana. Tahadhari, ekzosi inayovuja nayo mara nyingi inatoa picha hiyohiyo, ndio maana mimi nilihangaika na mipira ya vakyumu wiki nzima. Tofauti yake: pulizia dawa ya kabureta nje kuzunguka gasketi ya manifodi ya hewa na mipira. Mzunguko ukibadilika, tundu liko hapo. Usipobadilika popote, rudi kwenye ekzosi na sabuni yako.

Ikiwa nzuri kwenye sailensi lakini inapanda ukipanda mlima na mzigo, mafuta hayafiki: pampu imechoka, filta ya mafuta, nozeli zimeziba. Pima presha ya mafuta ulinganishe na kitabu cha injini yako, usikisie.

Ikiwa juu kila mahali angalia sensa ya hewa, ile MAF baada ya filta. Vumbi likikaa kwenye kile kiwaya inapima hewa kidogo kuliko iliyopita. Kuna dawa yake maalum ya kupulizia, usiisugue kwa kidole wala pamba. Na ukiwa hapo toa filta uikung'ute, kama unapita Chimala na Igurusi kiangazi unajua nasema nini.

Halafu kuna watu wanasema "ni hewa ya Mbeya bwana, milima". Hapana. Mjini tuko kama mita 1,700, hewa ni nyepesi kweli, maharage yanachelewa kuiva sababu hiyohiyo. Ukiwasha swichi bila injini na mashine ikakuonyesha presha ya hewa utaona kama kPa 82 au 83, sio 101 ya Dar. Usibadilishe sensa kwa sababu ya namba hiyo, ndio sahihi kwetu. Injini ya kabureta inaathirika, lakini ya nozeli inajirekebisha yenyewe. Ila hii inaweza kukusaidia: ukipanda kutoka Kyela mpaka Tukuyu na zile asilimia zikabadilika sana kwa sababu ya mwinuko tu, wa kushukiwa ni kipimo cha hewa.

Kwa P0172, mafuta mengi, haraka haraka: filta ya hewa imeziba, nozeli inavuja, presha ya mafuta imezidi, sensa ya joto la maji inayodanganya kwamba injini ni ya baridi muda wote. Na oili iliyochanganyika na petroli, inanuka ukichomoa kijiti.

Kuhusu P0420, hiyo ni masega. Pikapu nyingi za huku yalishatolewa zamani, sensa 2 inacheza kama sensa 1, taa inawaka. Kubadilisha sensa 2 hakutasaidia kitu.

Hatua ya 8: ukiitoa, isome kabla ya kuitupa

Imekufa kweli, sawa, itoe. Injini iwe vuguvugu, ya moto kabisa utaungua na ya baridi kabisa nyuzi zinang'oka. Mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Nyingi ni namba 22, kuna soketi yake yenye mpasuo wa kupitisha waya, Toyota za zamani baadhi zimefungwa kwa nati mbili.

Angalia ncha. Masizi meusi makavu: injini inapata mafuta mengi, sensa mpya nayo itakuwa hivyo. Unga mweupe: silikoni, mtu alifunga injini kwa ile gasketi ya tyubu isiyo ya injini, mvuke wake unaua sensa. Ung'avu wa kijani au mweupe kama chumvi: kulanti inaingia kwenye silinda, angalia gasketi ya kichwa. Kahawia ya mafuta mafuta: ringi zimechoka, inakula oili. Na petroli ya chupa za pembeni iliyochakachuliwa na mafuta ya taa haiungui vizuri na inaacha uchafu wake, nunua sheli, mafuta yanawekwa vinasaba (alama ya kugundua uchakachuaji) kwa sababu.

Ukinunua, chukua ya soketi ileile. Zile za kuunga waya zipo na zinafanya kazi, ila waya ubanwe kwa vibanio, usichomelewe kwa risasi, kwa sababu sensa nyingi zinavuta hewa ya nje kupitia ndani ya hizo waya na risasi na ile dawa yake zinaziba. Usiweke grisi kwenye soketi kwa sababu hiyohiyo. Nyuzi zipake ile dawa ya kuzuia kung'ang'ania, nyembamba, isiguse ncha. Nyingi zinakuja zimeshapakwa. Kaza kama Nm 40 hivi, sio kwa bomba la mita moja.

Hatua ya 9: sasa ndio ufute

Futa kodi, halafu endesha kama unavyoendesha siku zote: uiwashe ya baridi, foleni kidogo, mlima, mteremko. Mimi nilipita Igawilo, nikapanda mpaka Isyonje nikarudi, kesho yake tena na gunia kumi na tano. Kontroli boksi inahitaji muda kujipima upya, kwahiyo taa kutowaka nusu saa ya kwanza hakuna maana yoyote, angalia kwenye mashine kama vipimo vya sensa ya oksijeni vimeandikwa vimekamilika, na zile asilimia ziwe zimerudi karibu na sifuri. Zangu zilitoka plus 22 zikakaa 3.

Zile sensa mbili za zamani nilizotoa nilizipima baadaye kwa hatua ya 5 nikiwa na muda. Zote nzima, nimezifunga kwenye gazeti ziko nyuma ya siti.